Pesa Inayohama na Pesa Inayozikwa

Kuna sentensi ninayoisikia karibu kila ninapokaa kwenye benchi la fundi wa kompyuta, iwe Kariakoo, iwe Mbagala Rangi Tatu, iwe kwenye kile kijichumba kilichobanwa kati ya kibanda cha wakala wa M-Pesa na kinyozi: "Mashine imezeeka hii, prosesa imechoka." Mteja kaleta kompyuta mpakato inayochukua dakika saba kuwaka. Fundi anaigeuza, anaipapasa chini kusikia joto, anatega sikio karibu na feni, halafu anatoa hukumu. Mteja anashusha pumzi na kuuliza kile wanachouliza wote: "Sasa fundi, tubadilishe prosesa, au nijikusanye ninunue nyingine?"

Mwaka jana niliulizwa swali hilo na watu wawili wa karibu. Mmoja ni jirani yetu mwenye steshenari, mama ambaye mtaa mzima unamtegemea kwa kuchapa barua, kuwajazia wanafunzi maombi ya mkopo wa elimu ya juu na kuwatumia vijana maombi ya kazi kwenye Ajira Portal. Mwingine ni binti wa dada yangu, anayesomea usanifu majengo chuoni. Mashine zao zinapishana umri kwa mwaka mmoja au miwili tu, na mafundi wao, ambao hawajuani, walisema maneno yale yale. Tulipozikagua tukakuta kila moja ina ugonjwa wake.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwa kompyuta mpakato, kubadilisha prosesa ni kuzika pesa karibu kila mara. Kununua mashine nyingine kabla hujajua ya kwanza inaumwa nini ni kuzika pesa nyingi zaidi. Na katika nyumba zetu pesa hiyo ina jina: ni ada ya muhula, ni kodi ya chumba, ni mkopo wa kikoba utakaolipwa kila Jumamosi kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kati ya prosesa na mashine mpya, kuna la kuuliza kwanza: kazi yako inakwama wapi?

Shughuli inakwamia stoo

Tuseme mna shughuli nyumbani. Mpishi ni hodari, mikono yake haikamatiki. Lakini meza yake ya kukatia vitunguu ni ndogo kama kigoda, na mchele uko stoo, nyumba ya nne kutoka hapo, unaletwa na mtoto mmoja kwa kikombe. Wageni wameshakaa mkekani. Je, utamfukuza mpishi ulete mwingine mwenye jina kubwa zaidi? Huyo naye si atasimama pale pale akimngoja mtoto wa kikombe?

Prosesa ndiyo mpishi. Ramu ni meza, na diski ndiyo stoo. Kompyuta nyingi za zamani zilikuja na hadidiski, yaani sahani zinazozunguka ndani ya kasha, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika. Hizo ni mara 90 kwa sekunde, na kwa masikio hiyo ni kasi kubwa. Lakini kila programu inapotaka faili, mkono mdogo wenye kichwa cha kusomea lazima uhame juu ya sahani, kisha ungoje sehemu inayotakiwa izunguke hadi ifike chini yake. Kungoja huko huchukua milisekunde kumi na kitu. Windows inapowaka huomba maelfu ya faili ndogondogo, na kila moja inangoja zamu yake. Diski ya SSD haina kinachozunguka wala kinachohama. Hujibu katika sehemu moja hivi ya kumi ya milisekunde moja. Mtoto wa kikombe kaondoka, limekuja toroli.

Kulijua hili hakuhitaji fundi. Mashine ikiwa imekwama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Windows utafunguka ukurasa wenye safu kadhaa, na juu ya kila safu pana asilimia: prosesa, ramu, diski. Nilimwomba jirani afanye hivyo asubuhi moja wakati vijana watatu wako foleni na mashine imeganda kwenye barua ya kwanza. Safu ya diski ilisoma asilimia 100. Ramu ilikuwa imejaa karibu yote. Prosesa, ile iliyoambiwa imechoka, ilisoma asilimia 14. Ilikuwa imekaa inangoja mchele.

Wangapi wamelipia prosesa mpya, au wameuza mashine kwa bei ya kutupa, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha ukurasa huo? Kuuliza si ujinga. Mteja anayo haki ya kusema, "Fundi, nionyeshe," na fundi mzuri hachukii kuombwa hivyo.

Zipo pia sababu nyingine za uzito ambazo gharama yake ni ndogo, na huku kwetu zimejaa. Vumbi ni mojawapo. Mashine inayotumika juu ya godoro au pembeni ya barabara ya vumbi huziba matundu ya feni, na pesti ya joto iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupozea hukauka kwa miaka. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mwenye mashine anaona uzito, kumbe mashine inajiokoa. Kusafisha na kupaka pesti mpya ni kazi ya saa moja.

Nyingine ni chaja. Baadhi ya kompyuta, za Dell hasa, zina waya mwembamba ndani ya pini ya chaja unaoiwezesha mashine kuitambua chaja. Ukichomeka chaja ya kopi isiyotambulika, au pini ikikatika, mashine hugoma kuchaji betri na hupunguza kasi ya prosesa makusudi. Nimemwona mtu aliyekuwa tayari kuuza kompyuta yake nzima kwa sababu ya waya huo mmoja. Ilinichoma roho, maana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mashine ile aliinunua kwa mkopo ambao alikuwa hajamaliza kuulipa.

I7 ya jina

Fundi wa kwanza wa jirani alimtajia shilingi 180,000 amwekee i7. Neno hilo "i7" lina nguvu ya ajabu mjini. Limeandikwa kwenye stika, linatajwa na wauzaji kama cheo cha jeshi, na mnunuzi akilisikia hushusha mabega.

Tulitazama namba, maana ukweli uko kwenye namba. Mashine yake ni Dell Latitude E6430, toleo la mwaka 2012, yenye prosesa ya Intel i5-3320M. Tarakimu ya kwanza baada ya mstari, ile 3, ndiyo kizazi. Prosesa hiyo ina viini viwili vinavyofanya kazi kwa kasi ya gigahezi 2.6. Aliyokuwa anawekewa ni i7-3520M. Nayo ni ya kizazi cha 3. Nayo ina viini viwili. Kasi yake ni gigahezi 2.9. Shilingi laki moja na elfu themanini kwa tofauti ambayo mchapaji wa barua hataiona hata akikodolea macho saa, na stoo ingebaki na mtoto wa kikombe!

Zipo i7 za kizazi hicho zenye viini vinne, kama i7-3632QM, na wapenzi wa mashine za zamani wamezipachika kwenye ThinkPad T430 zao wakafurahi. Siwabezi. Lakini wao wanajua wanachokifanya: wanasoma kwanza kama bayosi, programu inayoiwasha mashine, inaitambua prosesa hiyo, wanajua nyingine zinakula wati 45 mahali palipojengewa wati 35, na wana muda wa kubadilisha hadi chuma cha kupozea. Mama wa steshenari ana foleni.

Na hapo tumezungumzia mashine ambayo walau prosesa yake inatoka. Nyingi hazitoki. Prosesa za Intel zenye herufi U mwishoni, zilizojaa kwenye mashine nyembamba, zimelehemiwa moja kwa moja kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine, tangu kiwandani, na hakuna soketi ya kuzichomoa. Kuanzia kizazi cha 5, kilichoingia sokoni mwaka 2015, Intel iliacha kabisa kutengeneza prosesa za soketi kwa ajili ya kompyuta mpakato. Zimebaki mashine chache kubwa na nzito zilizojengwa kwa prosesa za mezani. Kwa hiyo mtu akikuambia atakubadilishia prosesa kwenye mashine nyembamba ya 2016, anachomaanisha ni kubadilisha mazabodi nzima, na mazabodi iliyotumika inakaribia bei ya mashine iliyotumika. Au amekosea. Muulize kwa upole ni ipi kati ya hizo mbili.

Sisemi mafundi wetu ni wezi. Wengi walijifunza kwenye benchi, kwa kutazama, bila kitabu na bila mshahara wakati wa kujifunza, na wamezifufua mashine ambazo watengenezaji wenyewe wangezitupa. Lakini benchi nalo hurithisha makosa. "Prosesa imechoka" ni kosa linalorithishwa, na lazima tuliseme. Prosesa haichoki kama goti. Ikiwa nzima inafanya mahesabu yale yale kwa kasi ile ile iliyozaliwa nayo. Kilichobadilika ni kazi tunazoitwisha, na diski, na vumbi, na ukurasa wa intaneti wa leo ambao ni mzito mara nyingi kuliko wa 2012.

Kifaa gani kitahama nawe?

Jirani alinunua diski ya SSD ya gigabaiti 256 na kipande kimoja cha ramu cha gigabaiti nne kilichotolewa kwenye mashine iliyokufa, akafikisha ramu ya gigabaiti nane. Vyote pamoja alilipa shilingi 105,000 na ufundi juu. Mashine inawaka chini ya nusu dakika. Vijana wa foleni wamepungua, kwa maana nzuri: wanahudumiwa wanaondoka.

Lakini zaidi ya bei, kuna jambo ambalo ningependa kila nyumba ilipime kabla ya kutoa noti. Pesa uliyoiweka kwenye kompyuta kuukuu, je, inaweza kuhama siku mashine ikifa? SSD ya inchi 2.5 inahama. Unaichomoa, unaiingiza kwenye mashine nyingine yenye nafasi yake, au unainunulia kikasha cha bei ndogo ikawa diski ya kubebea. Chaja nzuri inahama ndani ya familia moja ya mashine. Ramu inahama kwa masharti: ya aina ya DDR3 haiingii kwenye mashine ya DDR4. Betri haihami, ila inakupa saa za kazi umeme ukikatika, na hilo kwetu lina thamani yake.

Prosesa ya soketi ya 2012 inahamia wapi? Hakuna. Mashine ikifa nayo inakufa, au inabaki kwenye droo ya fundi ikingoja mwenye mashine kama yako. Ndiyo maana naiita pesa iliyozikwa.

Kwa ramu naongeza neno moja. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya ramu duniani imepanda, kwa sababu viwanda vimegeukia mitambo mikubwa ya akili mnemba inayonunua kwa wingi na kulipa vizuri. Kwa hiyo kile kipande kilichomo kwenye mashine iliyokufa kabatini kwako si taka. Kitoe, kihifadhi, au muuzie fundi.

Siku ambayo mashine lazima iende

Sasa binti wa dada yangu. Alinipigia jioni. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mama, hujambo?" Hakuwa hajambo. Alikuwa na kazi ya studio ya kuwasilisha asubuhi, na mashine ilikuwa imekaa saa nne ikitoa picha moja ya jengo. Mama yake alishaanza kuzungumza na wenzake wa kikoba.

Nikamwomba abonyeze vile vitufe vitatu. Diski: asilimia 3. Mashine yake, HP EliteBook 840 G1, ilishawekewa SSD zamani, na ramu ilikuwa haijajaa. Prosesa: 100, 100, 100, na feni ikilia kama pikipiki inayopanda mlima. Ni i5-4300U, viini viwili, kizazi cha 4, herufi U. Imelehemiwa. Hapa mpishi ndiye aliyelemewa kweli, na hapa hakuna namna ya kumbadilisha mpishi bila kubomoa jiko.

Nilimwambia dada anunue. Nasema hivi kwa sababu ninaogopa kusomeka kama mtu anayewataka maskini wabaki na vitu vikuukuu. Hapana. Mwanafunzi wa usanifu anayeshindwa kuwasilisha kazi anapoteza alama, na alama zikipotea ni mwaka. Mwaka mmoja wa chuo ni ghali kuliko kompyuta. Yule anayehariri video za harusi, yule anayetengeneza ramani, yule anayefanya uchambuzi wa takwimu kubwa: kwao prosesa ni chombo cha kazi kama ilivyo nyavu kwa mvuvi. Ukiona safu ya prosesa imesimama kwenye 100 muda wote wa kazi yako halali, na mashine imesafishwa, na chaja ni nzima, usizunguke. Chombo kimefika mwisho wa kazi hiyo.

Angalieni nilivyosema: mwisho wa kazi hiyo. Ile EliteBook haikufa. Mdogo wa binti yuko kidato cha tatu, na mashine iliyoshindwa kuchora ghorofa inafungua vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania bila kukohoa.

Tarehe ambayo haikutangazwa mtaani

Sababu nyingine ya kuachana na mashine haina uhusiano na kasi, na imewapita wengi kimya. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya bure ya usalama. Kwa watumiaji binafsi uliwekwa mpango wa nyongeza unaoishia Oktoba 2026. Windows 11 nayo, tangu ilipotoka mwaka 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha 8.

Rudi sasa kwenye ile laki moja na themanini. Jirani angetoka i5 ya kizazi cha 3 akaenda i7 ya kizazi cha 3, na Windows 11 ingemkatalia vile vile. Soketi ile haipokei prosesa yoyote inayokubalika. Wapo mafundi wanaoipenyeza Windows 11 kwa njia za panya, na mashine inawaka, ila Microsoft haiwaahidi watu hao kwamba masasisho yataendelea kuja.

Je, hili linamhusu mwananchi wa kawaida? Linamhusu kuliko anavyodhani. Kwenye mashine ya steshenari mna vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, vyeti vya kidato cha nne vya mtaa mzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini sheria haizibi tundu la programu. Mwizi wa mtandaoni akiingia kwenye mashine ile anaingia kwenye makabati ya familia mia mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa jina la mtu lililotumika kukopea mkopo asioujua ni mgumu sana kuujenga upya.

Ipo njia ya tatu ambayo tunaiogopa bila sababu: Linux, mfumo endeshi wa kuweka badala ya Windows. Linux Mint ni ya bure, inaendelea kupata masasisho, na kwenye mashine ya kizazi cha 3 au cha 4 yenye SSD inakwenda vizuri. Kwa mwanafunzi wa sekondari, kwa mwandishi, kwa mtu wa barua pepe na intaneti, naipendekeza bila kusita. Ile EliteBook ya kijana wa kidato cha tatu inaitumia hiyo. Kwa steshenari nasita kidogo. LibreOffice, programu ya kuandikia inayotumika huko, inafungua faili za Word, lakini mpangilio wakati mwingine unasogea, na mteja aliyepangilia CV yake usiku kucha hataki kuiona imesogea. Jirani ameamua kubaki kwenye Windows 10 kwa muda ule wa nyongeza huku akiweka akiba. Ni uamuzi wenye tarehe, na nauheshimu kwa sababu hiyo.

Kipya kinyemi

Waswahili walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na hakuna mahali methali hiyo inapotimia kama kwenye maduka ya kompyuta za mtumba. Nyingi ya mashine zinazoitwa "mpya" kwenye bajeti zetu zilishafanya kazi miaka mitatu minne kwenye ofisi za Ulaya au Marekani. Si vibaya, nyingine ni imara kuliko mpya za bei rahisi. Lakini ukishaamua kununua, usinunue jina.

Dada alionyeshwa kwanza mashine yenye stika ya i7, ya kizazi cha 7: i7-7500U, viini viwili. Pembeni yake, kwa bei ya chini kidogo, palikuwa na i5-8250U, viini vinne. Muuzaji alishangaa mteja anaiacha i7. Ile i5 ndiyo ya kizazi cha 8, ndiyo inayopokea Windows 11, na kwa kazi za binti ina mikono mara mbili. Tulilipa shilingi 620,000. Kabla ya kulipa tuliiwasha kwa betri peke yake na kuiacha nusu saa. Tulifungua na kufunga kioo mara kadhaa kusikiliza bawaba, tukabonyeza kila kitufe cha kibodi, kisha tukaingia kwenye bayosi kuhakikisha haina nywila ya kampuni ya zamani. Hilo la mwisho wengi hawalijui. Mashine za maofisini huja zimefungwa, na siku utakayotaka kubadilisha kitu ndani yake utaambiwa uingize neno analolijua mtu aliye ng'ambo.

Sehemu ya pesa hiyo ilitoka kwenye bumu la binti mwenyewe, yaani pesa yake ya kujikimu chuoni, na alikula vibaya mwezi ule. Nalisema ili anayepanga kushauri watoto wa wenzake ajue anashauri juu ya nini.

Kilichomo ndani ya kasha

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki duniani kwa mwaka 2022 peke yake, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa zilikuwa asilimia 22.3. Namba hizo ni kubwa mno kuzishika mkononi. Mimi nashika kingine.

Betri nyingi za kompyuta mpakato zina kobalti, na takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa wingi katika mkoa wa Lualaba, kuzunguka Kolwezi. Kwenye mazabodi mna vikapasita vya tantali, madini yanayotokana na koltani, na koltani inachimbwa Rubaya, Masisi, Kivu Kaskazini, kwenye vilima vilivyopiganiwa na vilivyo mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwaka 2024. Kolwezi wanaongea Kiswahili. Masisi wanakiongea pia. Anayeshuka kwenye shimo kwa kamba ana maneno yale yale ya mama na maji na njaa niliyo nayo mimi. Kompyuta inayotupwa kwa sababu ya vumbi kwenye feni, au kwa sababu ya diski ya elfu themanini, imetupwa pamoja na mabega ya mtu huyo. Sijapata njia ya kulifikiria jambo hili kwa utulivu, na sidhani kama inafaa kuitafuta.

Wiki iliyopita nilipita steshenari kuchapa karatasi mbili. Jirani alikuwa anafunga hesabu za mwezi kwenye daftari lake kubwa la mistari. Akanisimamisha. "Jirani, hii SSD, nikija kununua mashine nyingine, kweli nitahama nayo?"

"Utahama nayo."

Akachukua rula, akakata mstari mmoja kwenye ukurasa wa Matengenezo, akafungua kurasa za nyuma kwenye orodha ya mali ya duka, chini ya mashine ya kulaminishia na viti viwili vya plastiki, akaandika: SSD moja, 80,000.